Tupeane uzoefu: kupata apatimenti ya muda mfupi nje kidogo ya mji

Habari zenu wadau, naomba tukusanye hapa stori za waliowahi kutafuta apatimenti ya mwezi mmoja miwili hivi kwenye mitaa ya pembeni ya mji, maana kule wenye nyumba wengi wanataka familia ikae mwaka mzima, ukisema unakaa muda mfupi simu inakatwa. Naanza mimi. Nilihamishiwa kazi kwa muda, na kilichonisaidia ni kuulizia kwanza kwa wafanyakazi wenzangu wapya kabla sijaingia mtandaoni. Kuna mmoja alikuwa anaenda masomoni, anaacha apatimenti na fenicha zake zote. Tukaelewana bei, ila hela sikutoa mpaka mwenye nyumba mwenyewe alipoandika kwamba anaruhusu, kwa sababu yule naye ni mpangaji tu, na mwenye nyumba akija kukukuta ndani bila kibali huna pa kujitetea. Haya, nani anafuata?

— Mimi nilipitia Airbnb, ule mtandao wa kukodi nyumba za muda mfupi. Kule ukibuki usiku 28 kwenda juu inahesabika ni ukaaji wa mwezi na wenye nyumba wengi wanaweka punguzo hapo, sasa mi nilitaka wiki tatu na kitu, nikasogeza tarehe mpaka zikafika 28 na jumla ikashuka kabisa. Ila masharti ya kughairi yanabadilika pia yanakuwa makali, soma kabla hujabonyeza. Halafu kabla hujalipa ramani mara nyingi inaonyesha eneo tu, sio nyumba, kwa hiyo niliwauliza wote swali moja, kituo cha basi cha karibu kinaitwaje na jumapili basi la mwisho linapita saa ngapi. Aliyenijibu "sio mbali" nikaachana naye.

— Mi nilikutana na tangazo zuri mno, bei kama nusu ya nyumba zingine za mtaa ule, mtu anasema yuko nje ya nchi, nitume depoziti kisha ananitumia funguo kwa posta. Nikachukua picha ya sebule nikaitafuta Google kwa picha, ikatokea kwenye tangazo la nyumba inayouzwa mji mwingine kabisa. Iliniuma sana nikiwafikiria waliokwisha kutuma hela, na wapo. Tangu hapo kama siwezi kufika mwenyewe nataka video kol, aanzie barabarani aingie mpaka ndani, afungue bomba nione maji, asiyetaka basi.

— Sisi nyumba yetu ilikuwa inakarabatiwa na watoto hatukutaka wahame shule, kwa hiyo mtaa tulikuwa nao tayari, tatizo nyumba. Mtandaoni hakuna kitu. Tukaanza kuuliza majirani na walinzi, ndo tukapata ka-apatimenti nyuma ya nyumba ya mama mmoja ambaye hajawahi kutangaza popote. Tulienda kukaona mchana tukarudi tena usiku, muda ule ule ambao mume wangu hutoka kazini, tuone taa za njiani na kelele. Siku ya kuingia tukapiga picha kila kona, mpaka mita ya umeme na ya maji. Wakati wa kutoka mama akasema kochi lina doa, tukamwonyesha picha, doa lilikuwepo, depoziti yetu akarudisha jioni ile ile na tukaagana vizuri.

— Naongezea kidogo, msilinganishe bei ya usiku mmoja. Hela ya usafi inalipwa mara moja, ukikaa siku chache inakuumiza, ukikaa mwezi huioni. Chukua jumla yote gawanya kwa siku.

— Asanteni jamani, mi naanza kutafuta wiki ijayo. Mwenye nyumba anasema mkataba wa nini kwa mwezi mmoja, tuaminiane tu. Kuna aliyewahi kukubali hivyo? Iliishaje?

— Usikubali mkuu. Hata karatasi moja inatosha, tarehe ya kuingia, ya kutoka, depoziti kiasi gani na inarudi lini, msaini wote wawili.