Mpango wa miezi 12 wa zana za blokucheni zinazoongozwa na jamii: kipi kipigiwe kura?

Muuliza
Wakuu, tunaandaa mpango wa kifurushi cha zana za wasanidi wa mikataba mahiri (programu zinazojiendesha kwenye blokucheni): kukompaili, kujaribu na kupakia mkataba mtandaoni. Wenye tokeni, yaani sarafu za mradi zinazobeba kura, ndio waamuzi. Rasimu inataka kila badiliko lipigiwe kura, na hazina ilipe mafundi robo mwaka kabla ya kazi. Tunatumia Governor ya OpenZeppelin, mkataba mahiri uliotayarishwa wa kuendesha kura: bloku 7,200 za kungoja, 50,400 za kupiga kura, akidi 4%. Kura zitaendeshwa kwenye mtandao wa tabaka la pili (uliojengwa juu ya Ethereum) unaotoa bloku kila sekunde 2. Tutakwama wapi?

Nodi_Kavu
Mkuu, anza na hizo bloku. Namba hizo ni za Ethereum yenyewe, ambako bloku hutoka kila sekunde 12: 7,200 ni siku moja, 50,400 ni wiki. Kwenye mtandao wenu wiki hiyo inageuka saa 28. Pendekezo likiwekwa Ijumaa usiku, watu wanaamka Jumatatu limeshapita.

Dawa ni kuhesabu kwa sekunde (wiki ni 604,800), lakini Governor husoma saa kutoka kwenye tokeni. Kwa hiyo tokeni ndiyo inayotakiwa kuandikwa hivyo kabla hamjaipakia. Ikiwa imeshapakiwa na haibadilishiki, wekeni bloku 302,400 na mkumbuke kuirekebisha mtandao ukibadili kasi.

Na akidi: tokeni iliyokaa pochini haina kura mpaka mwenyewe aukabidhi uwezo wake wa kura kwa mpigaji fulani, hata kama anajikabidhi yeye mwenyewe. Mkiwa na tokeni milioni 10, asilimia 4 ni 400,000, na hesabu hiyo inajumuisha zilizolala hazinani. Hakikisheni zilizokabidhiwa zimevuka kiwango hicho kwa mbali, vinginevyo kila pendekezo litakufa kwa kukosa akidi.

Muuliza
Asante sana mkuu. Tokeni haijapakiwa, tutaiandika kwa sekunde. Vipi marekebisho ya dharura ya usalama? Tulifikiria kura ya haraka inayotekelezwa papo hapo.

Mkaguzi_wa_Misimbo
Hapana, ndugu, hiyo iondoeni leo. Aprili 2022 Beanstalk, mradi wa fedha za blokucheni, ilipata hasara ya takriban dola milioni 182 kwa njia hiyohiyo: mshambuliaji alichukua mkopo wa papo hapo (unaokopwa na kurudishwa ndani ya muamala mmoja), akajipatia wingi wa kura, na pendekezo lake likatekelezwa ndani ya muamala huohuo. Governor yenu husoma kura za wakati uliopita, kwa hiyo mkopo wa namna hiyo hauisumbui; msije mkaifungulia mlango wa pembeni. Kikundi cha dharura, tuseme saini 4 kati ya 7, kipewe uwezo wa kusimamisha tu. Kisiguse hazina.

Kiraka cha programu yenyewe hakihitaji kura. Wasimamizi wakitoe siku hiyohiyo, maelezo yafuate. Kura ziwe za bajeti, za kuwateua wasimamizi, na za mabadiliko yanayovunja miradi ya watumiaji. Mfano ni chaguo-msingi la kompaila: Solidity 0.8.20 ilianza kutoa PUSH0, agizo jipya la mashine ya Ethereum, na mitandao ambayo haikuwa imelipokea ikakataa mikataba mpaka mtu aiambie kompaila ilenge toleo la zamani la Ethereum, "paris". Badiliko la aina hiyo litangazwe toleo moja kabla.

Nodi_Kavu
Kuhusu malipo, msilipe robo nzima mbele. Toeni sehemu ndogo ya kuanzia, iliyobaki ifunguke toleo likipita majaribio ya wazi ambayo yeyote anaweza kuyaendesha kwenye kompyuta yake.

Halafu rasimu haisemi mradi ukifungwa itakuwaje. Truffle, kifurushi cha zana kama chenu, ilitangazwa kusitishwa mwaka 2023 na miradi mingi ikalazimika kuhamia zana nyingine, Hardhat au Foundry. Andikeni sasa nani anashika funguo za kuchapisha vifurushi, na viraka vya usalama vitaendelea kwa miezi mingapi baada ya tangazo. Mimi ningeweka 12.