Mrejesho: namba ya desimali kuwa maandishi kwenye lugha ya C, imekubali

Wakuu, shukrani sana. Kwa ambaye hakuona swali langu: nilikuwa nasoma joto kwa kihisio kwenye Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu), natumia snprintf (amri ya C ya kugeuza namba kuwa maandishi) na "%.2f", yaani tarakimu mbili baada ya nukta, lakini kioo kinaonyesha alama ya kuuliza tu badala ya 27.45.

Aliyesema hesabu yangu haina kosa alikuwa sahihi. Maktaba ya C ya chipu za AVR, kama ile ya Uno, huja na printf (familia ya snprintf) iliyopunguzwa: sehemu ya desimali imeachwa nje ili kubana nafasi, na Uno ina KB 32 tu za kuhifadhi programu.

Sasa natumia amri nyingine ya maktaba hiyo, dtostrf(joto, 6, 2, buf); buf ni nafasi ya kuweka maandishi. Hiyo 6 ni upana wa chini kabisa, 2 ni tarakimu baada ya nukta. Hapa kuweni makini: dtostrf haikagui ukubwa wa buf. Mwanzo niliipa nafasi 6 kamili, nikaisahau '\0' (alama inayofunga maandishi kwenye C) ya mwishoni, programu ikawa inajizima ovyo siku nzima. Nimeweka 12, imetulia.

Kwenye kompyuta snprintf ileile haina shida. Anayetaka kuandika double (aina ya namba ya desimali kwenye C) kisha aisome tena bila kupoteza chochote, atumie "%.17g".