MREJESHO: Mama aliyevunjika nyonga Tukuyu, sasa tunaishi naye Mbeya mjini

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niliwaomba ushauri kuhusu mama, aliyeteleza shambani kwake Tukuyu akavunjika nyonga, na hakutaka kabisa kusikia habari ya kuhamia kwangu.

Aliyesema nisimwambie "uhame" bali "uje upone", Mungu akubariki sana. Alikubali, kwa sharti kwamba funguo za nyumba yake akae nazo mwenyewe. Amezifunga kwenye pindo la kitenge. Migomba inaangaliwa na binamu yangu, na kabla ya kukata mkungu wowote humpigia mama simu kwanza. Hilo limemtuliza kuliko dawa zote.

Vyuma vya kujishikia tulivyofunga chooni navyo vimesaidia: anakaa na kuinuka bila kuita mtu. Fungeni kabla mgonjwa hajafika.

Ushauri wa kuweka dada wa kumwogesha umegoma. Mama hataki mgeni amwone, hivyo mzigo wote uko kwa mke wangu, na kwa kweli amechoka. Baridi ya huku mwezi wa saba nayo inamsumbua mguu.

Sasa anatembea kwa magongo hadi uani. Bado anataka kurudi kwake. Tumekubaliana tuzungumze daktari akishaona eksirei mpya. Asanteni sana.