Mrejesho: Seva mbili za programu, moja ikizimika huduma isikatike

Wakuu, niliuliza namna ya kupanga seva mbili za Tomcat (programu inayoendesha programu za wavuti za Java) ili moja ikianguka watumiaji wasilazimike kuingia upya. Imekubali. Asanteni sana mliojibu.

Mbele kuna mashine mbili za HAProxy, programu inayogawa maombi ya watumiaji kati ya seva hizo, na programu nyingine, Keepalived, inasimamia anwani ya IP ya pamoja. Mashine kuu ikinyamaza, ya akiba inaichukua anwani hiyo ndani ya sekunde chache. Mwanzoni zote mbili ziliishika kwa wakati mmoja: VRRP, itifaki ambayo Keepalived hutumia ili mashine kuu iijulishe ya akiba kuwa bado iko hai, si TCP wala UDP zilizozoeleka, ni itifaki namba 112 inayotangaza kupitia 224.0.0.18, na fayawoli (kinga ya mtandao) ilikuwa inaizuia. Tulipoiruhusu, vurugu ikaisha.

Sesheni, yaani kumbukumbu za seva kwamba mtumiaji ameshaingia, ndizo zilikuwa kiini cha swali langu. Kumfunga mtumiaji kwenye seva moja kwa kuki (alama ndogo inayokaa kwenye kivinjari chake) hakutoshi, maana seva ikifa, sesheni inakufa nayo. Nimezihamishia Redis, hifadhi ya data iliyo nje ya seva hizo, yenye nakala kwenye mashine nyingine na Sentinel tatu (programu zinazoichunga Redis) za kuamua ipi iwe kuu.

Jambo ambalo ningemsihi kila mtu aliangalie ni ukaguzi wa afya, yaani jinsi HAProxy inavyopima kama seva ni nzima. Usipoelekeza vingine, HAProxy hujaribu tu kufungua muunganisho wa TCP, kwa hiyo programu iliyoganda huonekana nzima. Yangu sasa inaita ukurasa wa programu yenyewe, usiogusa hifadhidata. La sivyo hifadhidata ikiyumba kidogo, seva zote zingetolewa kwenye mgao kwa pamoja.

Hifadhidata bado ni moja. Hiyo ndiyo kazi inayofuata.