Vikohozi vya Bali

*Kikundi: Ukoo wa Bi Zuhura 🌴*

Ami Salim: Jana barazani Juma kamkonyeza mwenziwe mara tatu, macho yangu haya yameona

Juma: Ami vumbi liliningia jichoni wallahi 😂

Ami Salim: Vumbi linangojea mpaka ushike ree ya turufu? Haya endelea. Wenzio walikohoa tu wakanyang'anywa ubingwa wa dunia

Fatma: Heee karata zina ubingwa wa dunia??

Ami Salim: Zipo, mchezo wa karata wa Bridge, wawili kwa wawili. Bali kule Indonesia, 2013, fainali ya timu za wazee, kombe la d'Orsi, Ujerumani na Marekani. Wajerumani wakabeba

Juma: Karata bahati ami, ukipewa mbovu ushakwisha

Ami Salim: Ndo hujui hapo. Wanacheza meza mbili karata zilezile, yaani mimi na babako tukipewa nzuri huku basi kule meza ya pili wewe na Fatma, timu yetu hiyohiyo, mnashika zile mbovu za wapinzani wetu, halafu wanalinganisha nani kazitumia vizuri, na fainali ile ilikua mikono 96, yaani karata zinagawiwa mara 96, sasa bahati utaiweka wapi

Shangazi Mwana: Na kukonyezana je

Ami Salim: Hata mdomo hufungui dada. Kutaja turufu unatoa kikadi kwenye kiboksi unaweka. Na kuna ubao umesimama unakata meza, mwenzio humuoni uso

Fatma: Ila unamsikia 👀

Ami Salim: EEEH. Madaktari wawili wa timu ya Ujerumani. Kikohozi kimoja pau, viwili uru, vitatu kopa, vinne shupaza, ndo anamwambia mwenziwe rangi gani anayo chache. Wamarekani wakaanza kuhesabu palepale mezani, video nayo ikaja kuangaliwa

Juma: Madaktari wazima wameshindwa kujitibu kifua 🤣🤣

Shangazi Mwana: Walikiri?

Ami Salim: Wapi. Ila 2014 shirikisho la dunia likawafungia miaka 10 kila mmoja, na kucheza wawili pamoja ndo basi tena maisha. Dhahabu wakapewa Wamarekani

Fatma: Na wale wenzao wa timu ambao hawakukohoa?

Ami Salim: Nao imewatoka

Fatma: Aaa hapo mi naumia. Mtu mzima wa sitini na ushee, umekaa meza ya pili huko unacheza kwa akili yako, umerudi nyumbani na medali wajukuu washaivaa, mara unaambiwa irudishe kwa kifua cha mtu mwengine

Shangazi Mwana: Na hao Wamarekani medali inawafikia mwaka wa pili, hata vigelegele hakuna

Bibi Zuhura: 🎤 0:14

Juma: Bibi anasemaje nipo kwenye daladala

Fatma: Anasema leo usiku itafungwa khanga katikati ya jamvi na mwenye kikohozi abaki kwao

Juma: Na chafya?

Ami Salim: JUMA