Haki za root kwa watumiaji wa kawaida: su, sudo, doas au polkit?

Mshumaa
Wakuu, nasimamia kompyuta sita za mezani, zote Debian 12 (aina ya Linux). Nywila ya root, akaunti yenye mamlaka yote, inajulikana na kila mtu, maana printa ikigoma lazima mtu aandike `su` ageuke root, aiwashe upya CUPS, huduma ya uchapishaji. Wiki iliyopita mtu kafuta mafaili ndani ya /etc. Hakuna anayekiri, na rekodi ya amri ni ya root tu. Nataka watu wawili waweze kuwasha upya huduma ya printa, basi. Mnatumia nini?

KobePolepole
Badilisha hiyo nywila kabla hujalala. Ubaya wa `su` ndio huo, wote mnageuka mtu mmoja. Kwa sudo, inayoendesha kama root amri ulizoruhusiwa, kila mtu anaingiza nywila yake, na jina lake linabaki kwenye rekodi. Unda kundi liitwalo printa, kisha fungua sudoers (faili la ruhusa za sudo) kwa `visudo` uandike:

`%printa ALL=(root) /usr/bin/systemctl restart cups`

Amri nzima, mpaka neno la mwisho. Usiwape `vim` (kihariri cha maandishi) kupitia sudo hata kwa faili moja: mtu akiandika `:!sh` humo ndani, tayari ni root. Na usihariri sudoers bila visudo, maana ndiyo inayokagua makosa kabla ya kuhifadhi.

nukta_moja
sudo imekuwa kubwa mno kwa kazi ndogo kama hii. Mimi natumia doas, mbadala mdogo wa sudo, ilitoka na mfumo endeshi wa OpenBSD 5.8 mwaka 2015. Faili lake la mipangilio linasomeka:

`permit :printa as root cmd systemctl args restart cups`

Januari 2021 sudo ilikutwa na kasoro iliyokuwemo tangu 2011, mtumiaji yeyote wa ndani angeweza kuwa root hata kama hayumo kwenye sudoers.

KobePolepole
@nukta_moja na pkexec je, amri ya polkit (mfumo wa ruhusa za programu) ya kuendesha kitu kama root? Kasoro yake iligunduliwa Januari 2022, ilikuwemo tangu 2009. Asiyesasisha mfumo haokolewi na chochote hapo.

Zuhura_K
polkit inafaa zaidi kwa wanaobofya vitufe kuliko wanaoandika amri. Kanuni zake ni JavaScript, unaweza kuruhusu kundi fulani kuwasha upya cups.service pekee. Ila mwongozo wa zamani wenye mafaili ya .pkla (kanuni za polkit za mtindo wa zamani) usiufuate, kwenye Debian 12 hayasomwi tena bila kifurushi cha ziada.

Lakini ngoja kwanza. Printa "ikigoma", ni CUPS imekufa au foleni imesimamishwa? Kazi moja ikikwama CUPS inaweza kuisimamisha printa yenyewe. Hapo root ya nini? Watie hao wawili kwenye kundi la `lpadmin` (wasimamizi wa printa), watoke waingie tena, kisha wafungue foleni kwa `/usr/sbin/cupsenable` na jina la printa.

Mshumaa
Nimejaribu `lpstat -p`, ya kuona hali ya printa, sasa hivi. Imeandika "disabled", yaani imesimamishwa. Miaka miwili nimegawa root kwa ajili ya foleni!

nukta_moja
😂 Nywila umebadilisha lakini?

Mshumaa
Naenda.