Hank Schrader alipona haraka mno, au sisi ndio tuna haraka?

Mzee wa Marudio: Wakuu, nimemaliza tamthilia ya Breaking Bad kwa mara ya tatu na kuna kitu kimenikaa kooni. Sehemu ya kwanza kabisa Walter, mwalimu anayegeuka mpika dawa za kulevya, anatimiza miaka 50. Anatimiza 51 msimu wa tano. Yaani misimu minne yote imeingia ndani ya mwaka mmoja! Hank, shemeji yake askari wa kupambana na dawa za kulevya, kapigwa risasi katikati ya msimu wa tatu, miguu ikagoma, msimu wa nne yuko kitandani anahesabu mawe, halafu kwenye besidei ya 51 anatembea kwa miguu yake na kazini karudi. Hiyo ni miezi mingapi? Waandishi wametuchezea.

Bisha Hodi: Steringi hafi, mkuu. Jack Bauer, steringi wa tamthilia ya 24, moyo ulisimama kwa mateso msimu wa pili, wakamzindua, siku hiyohiyo anakimbizana na watu. Hank angalau alilala.

Mzee wa Marudio: Hank si steringi. Na 24 walituahidi saa moja ya hadithi kwa saa moja ya runinga, akili hawakuahidi.

Nesi wa Zamu: Kazi yangu ni watu wanaojifunza kutembea upya, kwa hiyo nisemee. Kubanwa na kukatika ni vitu viwili. Mshipa wa fahamu uliobanwa na uvimbe huweza kuamka baada ya wiki au miezi. Uliokatika huota taratibu, milimita 1 hivi kwa siku, tena ukibahatika. Uti wa mgongo wenyewe ukikatika, huyo hasimami. Kwa hiyo Hank kupiga hatua ndani ya miezi michache mimi sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni kurudi kazini. Mapaja yaliyolala muda wote ule hayambebi mtu mzito hivyo bila kulalamika. Na msisahau mtaalamu wa mazoezi alikuwa anamfuata nyumbani, kwa pesa za Walt. Si kila mgonjwa ana shemeji mpika dawa za kulevya.

Bisha Hodi: Daktari wake alikuwa mkewe, Marie. Kelele zile hata maiti angeinuka akimbie 😂

Mama Pili: Hapo umenigusa pabaya. Nimemuuguza mume wangu miezi minane, kumgeuza, kumwosha, kumbembeleza ale. "Kelele" ndilo jina mnalotupa? Marie alimshangilia kwa hatua chache tu, jamaa akamjibu kama mbwa. Akakosea akayaita mawe badala ya madini, akafokewa!

Kalamu Nyekundu: Marie huyohuyo anayeingia nyumba zinazouzwa, anajitungia maisha ya uongo na kuondoka na vitu vya watu?

Mama Pili: Na kwa nini aliingia huko? Alikuwa anapumua. Anayeuguza hapumui nyumbani.

Kalamu Nyekundu: Na ile taji ya mtoto mchanga aliyoiiba dukani, msimu wa kwanza? Hank si alikuwa anatembea vizuri tu.

Mama Pili: Sijasema ni malaika. Nimesema mumewe alikuwa katili kitandani, na ninyi mnamhesabia mgonjwa miezi, mwuguzaji hamumhesabii hata siku moja.

Nesi wa Zamu: Hilo nakubali. Mgonjwa aliyezoea kuamuru watu humwangushia hasira aliye karibu. Sisi wataalamu hutabasamiwa, mke ndiye anayekula matusi.

Mzee wa Marudio: Jamani, swali lilikuwa miezi.

Kalamu Nyekundu: Wewe umeimeza yote kwa wikiendi mbili, lazima uone kapona haraka. Sisi tuliofuatilia ikitoka tulimwona akipigwa risasi 2010, tukamwona kazini 2012. Kwetu alichelewa.

Mzee wa Marudio: Sasa mwili wa Hank unafuata kalenda ya mtazamaji?

Kalamu Nyekundu: Mbona Walt alipasuliwa pafu msimu wa pili na hukumfungulia mjadala?

Mzee wa Marudio: Huyo ni steringi.

Bisha Hodi: 😂😂 Kumbe tuko pamoja. Mama Pili, nisamehe dada yangu, nilitania. Lakini kiukweli yale yalikuwa mawe.

Mama Pili: Madini.